Jibu: Heathrow hadi Schiphol, mbona kwenda saa 2 na dakika 20, kurudi dakika 20?

Ndugu, tiketi yako haina kosa. Unaondoka London saa 4:00 asubuhi, inaandika unafika Amsterdam saa 6:20 mchana. Kurudi unatoka saa 4:00 na kufika saa 4:20. Kila muda umeandikwa kwa saa za mji husika, na Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa 1, kiangazi na baridi. Ondoa hiyo saa ukienda, iongeze ukirudi: pande zote ni saa 1 na dakika 20.

Umbali kwa mstari wa angani ni kama kilomita 370 tu. Dakika ambazo ndege iko hewani hasa hazizidi sana 50. Zinazobaki zinaliwa ardhini: foleni ya kuruka Heathrow, ambayo ina njia 2 tu za kurukia, halafu Schiphol ukibahatika kutua Polderbaan, njia ya kutulia iliyo mbali zaidi na jengo la abiria (nasema ukibahatika kwa kejeli), ndege inatambaa kama dakika 15 hadi ifike kwenye jengo, inavuka hadi juu ya barabara kuu ya magari. Mara ya kwanza nilidhani tunaendeshwa hadi mjini.

Kama una ndege ya kuunganisha, usihesabu dakika 80 pekee. Uingereza haimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, Uholanzi ikiwemo, kwa hiyo ukiendelea hadi nchi nyingine ya Schengen utapanga foleni ya pasipoti hapo Schiphol. Mimi huacha saa 2 na nusu.