Weka saa kwanza, lawama baadaye

Ninapofundisha vijana wanaojiandaa kuwa wasaidizi wa kisheria, huwa nawawekea rekodi za simu za kesi ya Trayvon Martin. Mara nyingi ubishi wa nani alianza ugomvi huwaka kabla hatujajua nani alikuwa wapi, saa ngapi. Nawasihi waanze na saa, wapange ratiba ya matukio. Trayvon, kijana wa miaka 17 asiye na silaha, aliuawa kwa risasi na George Zimmerman huko Sanford, Florida, Marekani, tarehe 26 Februari 2012, na anastahili uangalifu huo.

Sikiliza rekodi nzima, usitegemee vipande. Kituo cha televisheni cha NBC kilirusha simu ya Zimmerman kwa polisi kikiwa kimekata swali la mpokea simu kuhusu rangi ya kijana, ikasikika kana kwamba Zimmerman aliitaja rangi hiyo mwenyewe bila kuulizwa. Kituo kiliomba radhi, lakini watu walikuwa wameshasikia.

Zimmerman, mlinzi wa kujitolea wa mtaa, alipiga namba ya kawaida ya polisi, si 911 ya dharura, saa 1:09 usiku, akiwa ndani ya gari. Baada ya kama dakika mbili anasema kijana anakimbia. Unasikia mlio wa mlango wa gari, kisha anahema na upepo unavuma kwenye simu. Mpokea simu anamuuliza kama anamfuata. Anajibu ndiyo. Anaambiwa hawahitaji afanye hivyo, naye anasema sawa. Muda mfupi baadaye upepo unapungua. Hapo ndipo wanafunzi wangu huandika "amesimama". Nawafutisha. Upepo kupungua kunaweza kumaanisha amepunguza mwendo, au amegeuka tu, au ameshika simu vingine. Andika "upepo umepungua", basi.

Mwisho wa simu unastahili kurudiwa. Wanakubaliana akutane na polisi kwenye masanduku ya barua, halafu anabadili: polisi wampigie, atawaambia alipo. Simu inakatwa muda mfupi kabla ya saa 1:14.

Wakati huohuo Trayvon alikuwa akiongea kwa simu na rafiki yake wa kike, na simu yao ilikatika karibu saa 1:16. Kumbukumbu za kampuni ya simu zinakupa muda tu. Kwamba Trayvon aliuliza kwa nini anafuatwa, hayo ni maneno ya rafiki huyo mahakamani. Kwamba Trayvon ndiye aliyetokea gizani na kumkabili, hayo ni maneno ya Zimmerman kwa polisi. Mimi huvitenga vitu hivi katika safu tatu: saa inasema nini, sauti inasema nini, mtu anasema nini. Kumbuka pia kwamba saa ya kampuni ya simu na saa ya polisi si lazima zilingane, kwa hiyo zioanishe kabla ya kuziunganisha.

Nanga yako ni simu ya 911 ya jirani, ambamo mayowe yanasikika kisha risasi, kabla tu ya saa 1:17. Nani alikuwa akipiga yowe? Mama wa kila mmoja aliapa kuwa ni mwanawe. Jaji Debra Nelson aliwazuia wataalamu wa sauti wa upande wa mashtaka wasitoe ushahidi wa sauti hiyo ni ya nani.

Zinabaki kama dakika tatu kati ya simu ya Zimmerman kukatika na risasi, na kama nne tangu kijana alipoanza kukimbia mpaka wakabiliane. Wakili wa utetezi, Mark O'Mara, alilifanya jopo la raia wanaoamua kesi likae kimya dakika nne nzima, lione muda ambao Trayvon angeutumia kufika nyumbani. Lakini muda huohuo ungemtosha Zimmerman kurudi garini. Jopo la wanawake sita lilimwachia huru tarehe 13 Julai 2013. Kwenye ratiba yako mstari wa dakika hizo uache mtupu, na kando yake uandike madai ya pande zote mbili, kila moja na jina la aliyeyatoa.