Albamu Inasubiriwa, Imekwamia Wapi?

Maswali ya toleo hili yametoka Mtwara na Lindi, na yote yanahusu kazi moja: kuitoa albamu ya rap ambayo mashabiki wamekwisha kuahidiwa mara kadhaa. Tumeyapanga kwa mwendo wa kazi yenyewe, tangu nyimbo zikiwa kwenye diski mpaka zimfikie msikilizaji.

SWALI: Shikamooni wahariri. Namsimamia msanii wa rap hapa Newala. Ana nyimbo zaidi ya thelathini alizorekodi kwenye studio nne tofauti kwa miaka mingi, na kila tukipanga tarehe anaongeza wimbo mpya. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anzeni kwa kuacha kurekodi. Wimbo mpya daima unasikika mkali kuliko wa zamani kwa sababu sikio halijauzoea, na msanii akiufuata huo utamu, orodha haifungiki. Chagueni nyimbo 10 hadi 13. Rap ina maneno mengi, na dakika 35 hadi 42 zinatosha kwa mtu anayesikiliza mistari kwa makini. Majukwaa ya kusambaza muziki huihesabu kazi yenye nyimbo 7 na kuendelea, au inayozidi dakika 30, kuwa albamu, kwa hiyo hakuna haja ya kujazia.

Kabla ya kubishana wimbo upi ni mkali, angalieni upi una faili. Kwa kila wimbo tafuteni sesheni yake (faili ya mradi wa studio), kila sauti peke yake katika WAV (faili ya sauti isiyobanwa), biti ikiwa vipande vipande (ngoma mbali, besi mbali, vinanda mbali), na jina la prodyuza. Hapa ndipo albamu nyingi zinapokwama: studio imefungwa, kompyuta imefomatiwa, na wimbo ambao watu wanaudai umebaki MP3 tu. MP3 haifanyiwi miksi upya. Wimbo wa namna hiyo rekodini wote upya juu ya biti yenye vipande, au uacheni utoke peke yake kama ulivyo. Msichukue njia ya kuweka vesi mpya na kuacha ile ya zamani. Sauti ya mtu inabadilika, maiki ni nyingine, chumba ni kingine, na msikilizaji anakamata hapo hapo hata kama hawezi kueleza alichosikia.

Sesheni za studio tofauti huwa na sampo reti (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) tofauti, nyingine 44.1 kHz, nyingine 48 kHz. Faili ya 48 ikichezwa kama ya 44.1 bila kubadilishwa, wimbo unavuta na sauti inazama. Zibadilisheni zote ziwe za aina moja kabla fundi wa miksi hajagusa kitu.

Mpangilio wa nyimbo upimeni kwa maungio: chezeni sekunde 20 za mwisho za wimbo mmoja na 20 za mwanzo za unaofuata. Nyimbo mbili zenye mwendo mmoja na ufunguo mmoja zikifuatana zinachosha, hata kama kila moja peke yake ni nzuri.

SWALI: Asalaam aleikum. Narekodi sauti nyumbani, Lindi mjini, kwenye chumba cha bati kisicho na dari. Nina maiki ya kondensa na intafesi ndogo. Sauti inatoka kama niko ndani ya pipa, na siku nyingine maiki inapasukapasuka. Nimebandika trei za mayai ukuta mzima. Kosa liko wapi?

JIBU: Waaleikum salaam. Ndugu yetu, hayo ni matatizo mawili, na trei za mayai hazitibu hata moja. Karatasi ile inapunguza kidogo milio ya juu tu. Mvumo wa pipa unatokana na sauti za kati na za chini zinazogonga tofali, saruji na bati kisha kurudi kwenye maiki, na kinachozimeza ni unene. Tengeneza fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10. Zijaze nguo chakavu za mitumba bila kuzishindilia, kisha zifunike kwa gunia tupu la korosho au kitenge. Kifuniko lazima kipitishe hewa: ukiweza kupuliza pumzi ikatokea upande wa pili, kinafaa. Viroba vya plastiki vinarudisha sauti kama ukuta.

Fremu ya kwanza iweke nyuma ya mgongo wako. Wengi huiweka nyuma ya maiki, lakini kondensa ya kadioidi inasikia zaidi kilicho mbele yake, na mbele yake ni wewe pamoja na ukuta ulioupa mgongo. Kisha weka mbili ubavuni na moja uitundike juu ya kichwa, chini ya bati. Kaa mbali na pembe za chumba, wala usisimame katikati kabisa.

Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, chujio la pumzi likae katikati yao, na maiki igeuzwe kidogo ili pumzi za «p» na «b» zipite pembeni. Geini (kiasi cha kukuza sauti kwenye intafesi) ipime kwa mstari unaouchana kwa nguvu kuliko yote. Kilele chake kiishie karibu na -10 kwenye mita, na urekodi kwa 24-bit. Usiogope mstari mdogo kwenye skrini, maana sauti iliyorekodiwa chini kidogo inapandishwa bila hasara, ila iliyopasuka haitengenezeki. Ukisikia mvumo wa chini usiokatika, chomoa chaja ya kompyuta mpakato na urekodi kwa betri. Mara nyingi ni umeme wa Hz 50 unaopitia hapo.

Kupasukapasuka kwa kawaida ni unyevu. Kapsuli ya kondensa inashika chaji ya umeme, na hewa ya pwani yenye maji na chumvi ikitanda juu ya kiwambo chake, chaji inavuja. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika. Ikitoka kwenye kiyoyozi kuingia kwenye joto, iache nusu saa kabla ya kuwasha volti 48 (umeme ambao intafesi huipelekea kondensa). Isipotulia, tumia maiki ya dainamiki. Inahimili unyevu, haihitaji volti 48, na unaikaribia mpaka sentimita 5 hivyo inasikia chumba kidogo. Itataka geini zaidi tu. Kwa chumba kama chako, sisi tungeanza nayo hiyo hata kama kondensa ni ya bei kubwa.

Mvua juu ya bati haina dawa ya bei nafuu. Kusini mvua hunyesha kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, basi kazi ya sauti ipange Juni hadi Agosti. Miezi hiyo kusi huvuma mchana na bati hulia, kwa hiyo rekodi usiku au alfajiri.

SWALI: Wimbo wetu kwenye hedifoni ni moto, ila kwenye bajaji na simu sauti inamezwa na besi haipo kabisa. Tuna biti ya MP3 tuliyonunua mtandaoni. Msomaji, Masasi.

JIBU: Sehemu ya kosa iko kwenye biti. Ikiwa faili moja, fundi hawezi kushusha kinanda kinachogombana na sauti bila kushusha ngoma pia. Rudini kwa mwuzaji mkanunue vipande vyake, na msome leseni kabla ya kulipa: biti ya kukodi inaweza kuuzwa kwa wasanii wengine, na nyingi zina kikomo cha idadi ya kusikilizwa.

Kwenye sauti, kata kila mlio ulio chini ya Hz 80 hadi 100. Punguza kidogo kati ya Hz 200 na 400 panapotuama, na tuliza «s» kati ya kHz 5 na 8. Kompresa (kifaa kinachobana sauti inapopanda mno) ya 4 kwa 1 ishushe desibeli 4 hadi 6 kwenye maneno makali. Dabo (sauti ya pili inayorudia maneno) za mwisho wa mistari zikae chini ya sauti kuu kwa desibeli 6 au zaidi; zikilingana nayo, maneno yanavurugika. Na katika rap, neno lisilosikika ni hasara ambayo hakuna biti inayoifidia.

Kuhusu besi, spika ya simu haiwezi kutoa Hz 50. Msiipandishe. Iongezeeni uchafu kidogo kwa plagini ya sachuresheni ili izalishe milio ya Hz 100 hadi 200 na kuendelea, na sikio litaijaza besi lenyewe.

Kwa masta, yaani hatua ya mwisho ya kuzisawazisha nyimbo, mpeni fundi miksi ya WAV isiyo na limita (kifaa kinachozuia vilele vya sauti), kilele kikiwa kati ya -6 na -3. Albamu nzima ipelekwe kwa fundi mmoja kwa mkupuo mmoja, hata nyimbo zilizomalizika mapema. Spotify hulinganisha nyimbo karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo masta iliyobanwa mpaka -6 itateremshwa, na kilichobaki ni ngoma zilizokosa pigo. Rap inakaa vizuri kwenye -10 au -9, na kilele halisi kisizidi -1.

SWALI: Tumekata ngoma ya sindimba kutoka kwenye video ya mtandaoni tukaijengea biti. Je, tuiombee ruhusa?

JIBU: Ndiyo, na kama mwenye video hapatikani, itoeni. Ngoma ni ya jadi, lakini rekodi ile ina wenyewe: waliopiga na aliyerekodi. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilimzuia rapa wa Marekani Biz Markie asiendelee kuuza albamu yake kwa sababu ya kipande kimoja kisicho na ruhusa. Siku hizi majukwaa yanakagua kwa mashine, na wimbo mmoja ukikamatwa unaweza kuisimamisha albamu yote.

Mnakaa Mtwara, wapigaji wenyewe mnao. Warekodini uwanjani, maiki moja umbali wa mita 1.5, nyingine karibu na ngoma kubwa. Msiwalazimishe kufuata mashine. Waacheni wapige dakika 5, halafu pimeni mwendo wao na mjenge biti juu yake. Sikilizeni kama pigo lao linagawanyika kwa tatu, maana hai-hati (matoazi ya biti) ya rap iliyogawanywa kwa nne itapigana nalo. Walipeni siku hiyo hiyo, waandikeni majina kwenye albamu, na wasaini karatasi ya makubaliano.

SWALI: Prodyuza anadai nusu ya kila kitu. Ni haki?

JIBU: Inategemea nusu ya kipi. Wimbo una haki mbili: utunzi, yaani maneno na muziki, na rekodi yenyewe. Aliyetengeneza muziki wote akidai nusu ya utunzi, ni dai la kawaida. Nusu ya rekodi ni habari nyingine: hapo angalia nani aligharamia studio, miksi na masta, na kama yeye alikwisha kulipwa taslimu. Andikeni karatasi moja kwa kila wimbo, siku ya kurekodi, yenye jina halisi, namba ya simu, asilimia za utunzi na asilimia za rekodi, zote zifike 100. Msanii wa kolabo naye aandikwe humo. Wimbo ukishapendwa, mazungumzo hayo huwa magumu mara kumi. Msanii mwenyewe asajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kazi zisajiliwe COSOTA (ofisi ya hakimiliki).

SWALI: Tunataka itoke msimu wa korosho. Tupakie lini?

JIBU: Mmefikiri vizuri. Minada huanza Oktoba, na fedha zikishaingia Tandahimba, Newala na Masasi, watu wana nauli ya kuja kwenye shoo na bando la kusikilizia. Tuseme mnalenga Ijumaa ya katikati ya Novemba (Ijumaa ndiyo siku ya kutoa muziki duniani tangu Julai 2015). Masta zote ziwe mkononi mwishoni mwa Septemba, na mpakie kwa msambazaji (kampuni inayozifikisha nyimbo kwenye majukwaa) wiki ya kwanza ya Oktoba. Spotify inataka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla ya kutoka, nasi tunashauri wiki 4, na mnapendekeza wimbo mmoja tu. Chagueni unaomweleza msanii, hata kama si ule wa kuchezeka.

Kava iwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu, bei wala anwani ya mtandao, vinginevyo itarudishwa. Wakati wa kupakia, chagueni ukurasa wa msanii uliopo tayari. Jina likifanana na la mtu mwingine, nyimbo zinaangukia kwake, na kuzirudisha ni kazi ya wiki. Wimbo wenye matusi utiwe alama. Spotify huhesabu usikilizaji ukifika sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi, kwa hiyo skiti fupi (kiigizo cha maneno kati ya nyimbo) iunganisheni mwisho wa wimbo uliotangulia.

Redio za mkoani ziandalieni toleo safi, lisilo na matusi. Kwa jukwaani, fundi atoe biti tupu na toleo lenye viitikio bila sauti kuu. Ombeni siku ya miksi, sesheni ikiwa wazi.

SWALI: Imeshatoka, na tumegundua jina la mtunzi limekosewa na wimbo wa nne una mlio mbaya. Inarekebishika?

JIBU: Jina linarekebishwa kupitia msambazaji bila kuiondoa albamu. Sauti ni ngumu zaidi. Kama rekodi ni ile ile na mmeondoa mlio tu, ombeni faili ibadilishwe kwa ISRC ile ile, yaani namba ya utambulisho wa rekodi yenye jumla ya herufi na tarakimu 12, ili hesabu ya wasikilizaji isipotee. Kama msanii ameingia studio akarekodi upya, hiyo ni rekodi nyingine na inataka ISRC yake. Msambazaji asiyeruhusu kubadilisha faili atawalazimu kuishusha na kuipakia upya; hapo nakilini ISRC na UPC (namba ya utambulisho wa albamu nzima) zote kabla hamjabonyeza kitufe cha kufuta.