Sungura ananyonyoka? Sema kwanza manyoya yametoka wapi

Wengi huuliza hivi: "Sungura wangu anapoteza manyoya, nimpe dawa gani?" Hapo mtu hajibiki. Manyoya yakitoka kifuani ni habari moja, yakitoka kidevuni ni nyingine kabisa, na wingi wake hausaidii sana. Nimechagua maswali ya wale waliotaja sehemu.

Swali: Nikimpapasa mkono unajaa manyoya, hasa mgongoni na ubavuni. Kuna mstari unaotenganisha manyoya marefu na mafupi. Anakula vizuri. Nihofie?

Anabadilisha manyoya tu. Sungura wengi hufanya hivyo kwa wingi mara mbili hivi kwa mwaka, na kidogo kidogo katikati. Mara nyingi huanzia kichwani na shingoni, kisha hushuka kuelekea kiunoni. Huo mstari wako ndio mahali yalipofikia. Yapekue: ukikuta chini yake manyoya mapya yanaota na ngozi safi, isiyo na ukoko wala wekundu, huna mgonjwa.

Ila mchane kila siku kipindi hiki. Sungura hujilamba kutwa na hawezi kutapika, kwa hiyo alichomeza lazima kipite tumboni. Nyasi kavu za kutosha na maji ndivyo vinavyokisukuma. Akikaa saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi, usisubiri kesho. Utumbo ukisimama, sungura hufa haraka.

Swali: Jike wangu amejinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni mpaka ngozi inaonekana, na anazunguka na nyasi mdomoni. Anaishi na dada yake, dume hakuna. Ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa, anatandika kiota. Hiyo ni mimba ya uongo. Jike akipandwa na jike mwenzake, jambo la kawaida kabisa kwa sungura, mwili wake unaweza kuanza maandalizi yote ya uzazi. Huisha yenyewe baada ya siku 16 hadi 18 hivi, na manyoya yataota tena. Usimvurugie kiota, maana ataanza kunyofoa upya.

Lakini kabla hujatulia, huyo "dada" alikaguliwa na nani? Jinsia ya sungura mchanga hukosewa kila kukicha, na mimba ya kweli huchukua takriban siku 31. Mpeleke akaguliwe. Ikithibitika ni jike na hali inajirudia, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumtoa kizazi. Majike wasiotolewa kizazi hupata sana saratani ya mji wa mimba umri ukisogea, kwa hiyo faida si ya manyoya peke yake.

Swali: Shikamoo mtaalamu. Sungura wetu ananuka, na nyuma pamegandamana kinyesi cheusi kinachonata. Watoto wanataka tumuogeshe kwa shampuu. Ni sawa?

Marahaba. Shampuu irudi kabatini. Sungura akitumbukizwa majini huingiwa na hofu inayoweza hata kumuua. Manyoya yake huchelewa mno kukauka, baridi ikampata. Na akirusha mateke mikononi mwako anaweza kujivunja uti wa mgongo. Kwangu mimi beseni na sungura havipaswi kukutana.

Sasa huo uchafu. Sungura hutoa vinyesi vya aina mbili. Kuna punje kavu za mviringo, zisizo na harufu ya maana, ndizo unazofagia. Halafu kuna choo laini: vishada vya punje ndogo nyeusi zinazong'aa kwa ute, vyenye harufu kali. Hiki hukila palepale kinapotoka, kwa sababu kina vitamini na protini zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo wake. Kikimganda nyuma, ama hafiki kukichukua ama kinazidi mahitaji yake. Hafiki kwa sababu amenenepa, au mgongo na nyonga vinamuuma. Kinazidi kwa sababu pelleti (chakula cha punje cha kiwandani), matunda na karoti ni vingi. Ndiyo, hata karoti. Ina sukari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nyasi kavu ziwe sehemu kubwa kabisa ya chakula chake, pelleti kidogo tu.

Kumsafisha, mweke mapajani juu ya taulo. Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, uiegemeze kwenye uchafu mpaka ulainike, kisha uuchambue kwa vidole. Usivute, wala usikimbilie mkasi: ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika upesi. Mkaushe mpaka kwenye mzizi wa manyoya. Pembeni mwa sehemu za siri utaona vijishimo viwili vyenye nta ya kahawia. Humo pia hutoka harufu, na pamba yenye maji inatosha.

Halafu kuna inzi, na hapa ndipo naomba msifanye mzaha. Inzi hutaga kwenye manyoya machafu yenye unyevu, mayai yanaweza kuanguliwa kabla siku haijaisha, na funza huanza kumla sungura angali hai. Geuza sungura wako ukague nyuma kila siku, na wakati wa joto mara mbili. Ukiona hata funza mmoja, ondoka kwenda kwa daktari saa hiyo hiyo. Vilevile ikiwa kinachotoka ni majimaji matupu badala ya ute mzito: huko ni kuhara kweli, na hakungoji.

Swali: Ana mba mzito shingoni na mgongoni, manyoya yanatoka kwa mafungu, na mimi mwenyewe nimeanza kuwashwa mikononi. Tunaambukizana?

Inaelekea. Mchane juu ya karatasi nyeusi, kisha itazame kwa utulivu chini ya mwanga. Ukiona vipande vya mba vinajisogeza, hao ni utitiri wa manyoya. Kwa binadamu huleta vipele vya muda tu, navyo huisha mnyama akitibiwa.

Dawa aipime daktari kwa uzito wa sungura, kwa kawaida ivermektini au selamektini, na hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Dozi moja haimalizi kazi. Watibu sungura wote wanaoishi pamoja, na matandiko yabadilishwe. Ile dawa ya viroboto ya mbwa iliyobaki nyumbani usiiguse. Yenye fipronili inaweza kuua sungura, na hilo hutokea kwa watu wenye nia njema kabisa.

Lakini ikiwa ni mabaka ya duara yenye magamba, usoni, masikioni au miguuni, fikiria choa. Hicho nacho hukupata wewe na watoto, na dawa ya utitiri haikigusi.

Swali: Kidevu kimelowa muda wote na manyoya ya hapo yametoka.

Meno. Meno ya sungura hayaachi kukua, na yasiposagika sawasawa huchoma ulimi au shavu, mate yakamwagika. Ya mbele utayaona mwenyewe, ya nyuma yanahitaji daktari na kifaa chake. Usiyakate kwa kikata kucha, yatapasuka.

Swali: Visigino vya miguu ya nyuma vina upara na pamekuwa pekundu. Anaishi kwenye kizimba cha waya.

Umejijibu. Sungura hana nyama laini chini ya mguu kama paka. Kinga yake ni manyoya tu, na waya umeyamaliza. Toa waya au ufunike kwa ubao na nyasi nene, badilisha kila panapolowa mkojo, mpunguze uzito ikiwa amezidi. Pakishachanika au kuvimba, usimtibu nyumbani: usaha ukifika kwenye mfupa matibabu ni marefu na mara nyingi hayafaulu.