Mzigo uliomo ndani ya "tulia"

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza neno utulivu limetoka wapi, kwa sababu kila ukieleza linalokusumbua unaambiwa "tulia", na wewe unasikia "nyamaza". Nimekaa na swali lako siku mbili. Najua hukuuliza kwa kupenda sarufi tu.

Anza na kitenzi tua, kilichozaa tulia, nayo tulia ikazaa utulivu. Aliyejitwika mzigo huutua. Ndege hutua, jua nalo hutua. Humo ndimo tulimopata kituo, yaani mahali pa kushusha mizigo na kupumzika, na washairi wakauita kituo mstari unaofunga ubeti. Utasema, mbona tua haina l na tulia inayo? Ilikuwepo tangu zamani. Kiswahili kiliimeza l hiyo katika maneno mengi, lakini ukinyambua inarudi: nunua, nunulia, chukua, chukulia. Kwa Kichewa, lugha ya Malawi, kushusha mzigo ni kutula hadi leo. Hata upole umepita njia hiyohiyo, kutoka poa.

Kwa hiyo ndani ya utulivu mna mtu aliyeweka mzigo chini. Mimi hilo hunigusa kila nikilifikiria, kwa kuwa hakuna atuaye asichokibeba.

Amani ni neno jingine, la Kiarabu, na lina shina moja na amini, imani na amana. Hilo linataka watu waaminiane. Kutua unaweza kutua peke yako, ingawa mzigo mzito hutuliwa vizuri ukipata wa kukusaidia.

Halafu kuna tuama, ndugu yake tulia. Maji yaliyotuama hayaendi popote. Nadhani hao wanaokuambia "tulia" wanataka utuame: ubaki palepale, usimtikise mtu. Aliyetulia kweli mabega yake ni mepesi, na neno lake analisema, tena analisema vizuri zaidi.

Nami nilikuambia "tulia" mara nyingi ulipokuwa mdogo, na mara nyingi nilichotaka ni kimya tu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Sikuuliza umebeba nini. Unisamehe, mwanangu.

Barua yako imeeleza waliyokujibu, lakini haikusema ulikuwa unawaambia nini. Nipigie jioni yoyote uniambie. Sitakuambia utulie kabla hujamaliza.

Mama yako