Gari dogo la okazioni kwa wazazi wazee: tuanze na kiti, injini ifuate

Ndugu, umeuliza ni gari gani dogo la okazioni, yaani lililokwisha kutumika, uwanunulie wazazi wako hapa Lubumbashi, baba akiwa amevuka miaka 70 na bado anaendesha, mama akisumbuliwa na magoti. Majibu mengi uliyokwisha kupewa yanahusu injini na bei ya vipuri. Hayo ni ya kweli, lakini mimi, niliyewanunulia wazazi wangu gari la namna hiyo na ninayelitunza hadi leo, nayaweka katika nafasi ya pili. Gari la mzee huchaguliwa kwanza kwa kuangalia mwili wa mzee mwenyewe, yaani namna anavyoingia, anavyotoka na anavyoiona barabara. Katika yale yatakayofaulu hapo ndipo utafute lenye injini nzima.

Kwa hiyo nenda na wazazi wako mahali magari yanapouzwa, hata kama muuzaji atakosa subira. Mlango ukiwa wazi, mama aligeuzie gari mgongo, aketi ukingoni mwa kiti, kisha aingize miguu yote miwili pamoja. Ukingo wa kiti ukiwa chini sana ya goti lake, ataketi kwa kujiangusha na atatoka kwa kuvutwa mkono. Ukilingana na goti au ukilizidi kidogo, mapaja ndiyo yatakayofanya kazi na goti litapumzika. Mama yangu alipojaribu Toyota Vitz alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, na bado nilimwinua. Katika Toyota IST, ambayo imejengwa juu ya msingi uleule wa Vitz lakini imeinuka zaidi, alisimama mwenyewe, akakaza kitenge chake, akaniuliza kwa nini ninaendelea kutafuta. Wanaokushauri ununue Toyota RAV4, gari lililoinuka sana, wanafikiria mashimo ya barabarani wakati wa mvua, na wana sababu, ila mtu wa magoti hupata taabu kupanda kama anavyopata taabu kuinuka. Baba naye aketi kwenye usukani, ageuze shingo kulia na kushoto, na akwambie kama anaona pembe ya nyuma ya gari bila kujipinda.

Jambo la pili, ambalo naliona zito kuliko wengi wanavyolichukulia, ni upande wa usukani. Sisi huku Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi tunayouziwa yametoka Japani, yameshushwa Dar es Salaam na kupita Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, nayo yana usukani wa kulia. Mjini, dereva huuzoea bila shida. Hatari iko kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, nyuma ya lori la madini, kwa sababu dereva aliyeketi kulia hawezi kuona kinachokuja mbele mpaka sehemu kubwa ya gari lake iwe imekwisha kuingia upande wa wenzake. Kijana huegemea na kuchungulia. Mzee ambaye shingo na macho vimepungua nguvu asiwekwe katika hali hiyo. Kama baba bado anasafiri nje ya mji, tafuta Toyota Yaris iliyotoka Ulaya, ambayo ni Vitz yenye usukani wa kushoto, ijapokuwa utalipa zaidi na mama atahitaji mto mgumu kitini. Kama anaishia sokoni, kanisani na hospitali ya Sendwe, usukani wa kulia unavumilika, na una faida moja: dereva hushukia kandokando ya barabara. Abiria wa mbele ndiye anayefungua mlango upande magari yanakopita, kwa hiyo sisi humketisha mama nyuma, upande wa kulia.

Gari la Japani lina shida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Taa zake za chini zimetengenezwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto, kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto. Hapa kwetu zinampiga machoni anayekuja, na ukingo wa kulia, wanakotembea watu usiku, unabaki gizani. Kuziinamisha kwa bisibisi hupunguza kero tu. Kwa mzee suluhisho ni kutoendesha baada ya jua kutua, na sisi tulikubaliana hivyo na baba waziwazi.

Sasa injini. IST ya kizazi cha kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina injini ya lita 1.3 au 1.5 inayozungusha vali zake kwa mnyororo badala ya mkanda, na buati (sanduku la gia) ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne, ambayo mafundi wetu wanaifahamu. Honda Fit ya kwanza ina nafasi nzuri ndani, lakini buati yake ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ikichoka hutetemesha gari linapoanza kuondoka, nayo huharibika haraka fundi akiitilia mafuta ya buati ya kawaida. Kwenye Yaris za Ulaya kwepa buati iitwayo MultiMode, yaani gia za mkono zinazobadilishwa na mota, kwa sababu hustuka katika msongamano na inahitaji kompyuta ili irekebishwe. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Moshi wa buluu wakati wa kuwasha ni mafuta ya injini yanayoungua. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zisikutoshe: mpira wa pedali ya breki ulioliwa hadi chuma husema zaidi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo libadilishwe hata kama meno yake yanaonekana mapya.

Redio ya gari la Japani husoma masafa ya FM ya 76 hadi 90 tu, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo weka redio nyingine mapema ikiwa baba hakosi habari za Radio Okapi.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo katika karatasi za forodha, tarakimu kwa tarakimu. Karti roze, yaani karatasi ya usajili wa gari, iandikwe kwa jina la baba, na nakala ya karatasi zote ikae ndani ya gari pamoja na bima, ili akisimamishwa na polisi wa barabarani awe na majibu yake mkononi, asianze kumpigia simu mtoto aliye kazini.