Maswali ya wasomaji: Tairi la saizi ipi kwa ringi ilizokuja nazo gari?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: saizi iliyoandikwa kwenye gari haipo dukani, sasa nitie ipi? Tumechagua tano, kutoka Unguja na Pemba. Katika zote, mwenye gari anabaki na ringi zake zile zile.

Assalamu alaykum. Nina Noah ya mwaka 2004, nabebea abiria mjini na wageni wa Paje na Jambiani. Matairi yameisha. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva pameandikwa 195/65R15 91S. Mwanakwerekwe nimekuta 205/65R15, 205/60R15, 185/65R15 na 195/60R15, na muuzaji anasema zote zinaingia ringi 15. Nichukue ipi?
*Dereva, Bububu*

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Muuzaji hakukudanganya, zote nne zitaingia. Lakini kuingia kwenye ringi ni sharti la kwanza tu. Tairi linatakiwa pia liwe na kimo kinachokaribiana na lile la asili, libebe uzito ule ule au zaidi, na lisiguse kitu gari inapokata kona ikiwa imejaa watu.

Tuanze na kimo, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu una urefu wa asilimia 65 ya upana huo, yaani 195 × 0.65 = 126.75. 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo ringi ni 381. Ubavu uko juu na chini, basi chukua 126.75 mara mbili, jumlisha 381, utapata milimita 634.5. Kosa la kawaida ni kudhani 65 ni kipimo kimoja popote inapoandikwa. Ni asilimia ya upana, kwa hiyo ukiongeza upana, ubavu nao unarefuka hata kama 65 imebaki pale pale. Ndiyo maana anayepanda upana hatua moja mara nyingi hushuka asilimia hatua moja.

Sasa pitisha hesabu hiyo kwenye saizi ulizoziona. Mpaka tunaoushika ni asilimia 3 juu au chini ya kimo cha asili.

195/60R15 inatoka 615, pungufu ya asilimia 3 na kidogo. Ubavu wake ni milimita 117, umepoteza karibu milimita 10. Kwa gari inayoingia vichochoro vya Jambiani vyenye mawe ya matumbawe, milimita hizo 10 ndizo zinazookoa ringi isigonge jiwe. Iache.

185/65R15 inatoka 621.5, pungufu ya asilimia 2. Kimo hakina neno. Tatizo ni uzito. Ile 91 iliyofuata saizi yako ni namba ya uzito: tairi moja linabeba kilo 615. 185/65R15 kwa kawaida huja na 88, ambayo ni kilo 560. Umepoteza kilo 55 kwa kila tairi, 220 kwa manne. Noah ina nafasi ya watu wanane, na wageni wa hoteli hawaji na mkoba mtupu. Tairi lililozidiwa hupata joto, nyuzi za ndani huachana na mpira, na mwisho hupasuka mwendoni. Hii usiikubali hata kwa bei ya kutupa.

205/60R15 inatoka 627, pungufu ya asilimia 1.2 tu. Tafuta yenye 91 na ubebaji wako haupungui hata kilo moja. Spidomita ikisoma 80, mwendo wa kweli ni 79.

205/65R15 inatoka 647.5, zaidi kwa asilimia 2. Nyingi huja na 94, yaani kilo 670, na ubavu wake wa milimita 133 unavumilia mashimo vizuri. Spidomita itadanganya kwa upande mbaya, ikisoma 80 unakwenda karibu 82. Na kwa kuwa tairi limekua kwa kimo na kwa upana, lazima lijaribiwe kabla ya kulipia manne.

Jaribio lenyewe: mwambie fundi afunge moja mbele, ashushe jeki, kisha pakieni watu garini. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto. Kila upande, pitisha kidole cha shahada baina ya tairi na shokapu, na baina ya tairi na plastiki ya ndani ya madigadi. Kidole kikibanwa, saizi hiyo siyo yako. Likifungwa na ukatembea siku mbili, angalia ubavu wa ndani kwa tochi. Ukiona mstari unaong'aa au mpira uliokwanguka, linagusa.

Tazama pia upana wa ringi yenyewe. Umechapwa kwenye chuma, kwa mfano 15×6J, maana yake inchi 6. Matairi ya 205/60 na 205/65 yanakaa sawa kwenye ringi za inchi 5.5 hadi 7.5, kwa hiyo hapo huna wasiwasi. Herufi S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa. T na H ni zaidi ya hapo, zinafaa.

Chaguo letu? Subiri 195/65R15. Ni miongoni mwa saizi zinazotumika kwenye magari mengi kabisa, kuisha kwake dukani ni kwa muda tu. Kama huwezi kusubiri, chukua 205/60R15 91, yote manne.

Nina Vitz ya injini ya lita 1, matairi 165/70R14 81. Njia ya kwetu kutoka barabara kuu ni kifusi na mawe, gari inaguza chini. Fundi ananishauri nitie 185/70R14 ili gari inyanyuke. Nimfuate?
*Mwalimu wa skuli, Konde, Pemba*

Hapana, mwalimu. Tairi lako lina kimo cha milimita 586.6. 185/70R14 lina 614.6. Tofauti ni 28, lakini gari inanyanyuka nusu yake tu, kwa sababu nusu ya pili iko juu ya ekseli. Utapata milimita 14, unene wa kidole.

Kwa milimita hizo utalipa mengi. Kimo kimezidi kwa asilimia 4.8, kwa hiyo kila gia imekuwa nzito kwa kiasi hicho hicho. Injini ya lita 1 inayopanda vilima vya Pemba na watu wanne itabidi ishushwe gia pale ilipokuwa ikipanda bila taabu, na mafuta yataliwa. Breki nazo zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi. Spidomita ikisoma 80 unakwenda karibu 84. Na kwenye gari ndogo kama hiyo, nafasi ya ndani ya madigadi ni finyu, tairi litakwangua plastiki kila ukikata kona na mzigo nyuma.

Kabla ya tairi, mwambie fundi apime springi. Egesha gari pahala palipo sawa, ikiwa tupu, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne. Kulia na kushoto zikipishana, au nyuma pamelala kupita mbele hali gari haina kitu, springi zimechoka. Hapo ndipo gari ilipopoteza kimo chake, na springi nzuri zitakurudishia zaidi ya tairi lolote.

Ukikosa 165/70R14, mbadala wake ni 175/65R14. Kimo chake ni 583, pungufu ya asilimia 0.6, hata spidomita haitajua. Nyingi huja na 82, yaani kilo 475, na yako ya 81 ni kilo 462. Ukitaka ubavu mrefu kidogo kwa ajili ya mawe, 175/70R14 ina 600.6, zaidi kwa asilimia 2.4, iko ndani ya mpaka. Ifanyie jaribio la kidole tulilolieleza juu.

Ninakodisha RAV4 ya mwaka 2003, ile inayovuta magurudumu yote manne muda wote. Saizi yake ni 215/70R16. Nyuma nimetia 225/70R16 mapya mawili, mbele yapo ya zamani. Sasa ikikata kona kuna mlio wa kuvuma chini katikati. Ni matairi au ni difu?
*Mkodishaji, Nungwi*

Huenda yote mawili, na la kwanza limeleta la pili. Usiikodishe mpaka umelishughulikia.

215/70R16 ina kimo cha 707.4, 225/70R16 ina 721.4. Geuza kuwa mzunguko: la mbele linatambaa milimita 2,222 kila likizunguka, la nyuma 2,266. Kwa hiyo katika kila kilomita la mbele linazunguka mara 450, la nyuma mara 441. Difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, iliwekwa kulainisha tofauti ndogo za mwendo kwenye kona, kisha ipumzike njia ikinyooka. Wewe umeipa kazi ya mizunguko tisa kila kilomita, kutoka Nungwi mpaka mjini na kurudi. Ina mafuta mazito ndani yanayoshika pale ekseli mbili zinapopishana mwendo. Yakipata joto mfululizo hukaza, halafu huharibika.

Na hayo ya mbele si 707 tena, kwa sababu yameshalika. Tairi jipya lina kina cha mifereji cha kama milimita 8. Likibaki 3, kimo kimeshuka kwa 10, ambayo ni asilimia 1.4. Kwa hiyo hata ungetia 215/70R16 mapya nyuma, tofauti ingekuwepo, ingawa ndogo zaidi. Gari ya namna hii inunuliwe matairi manne pamoja, saizi moja, kampuni moja, aina moja, kisha yabadilishwe nafasi mbele kwa nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yalike sawa.

Ukitaka kuhakikisha, jaza upepo sawasawa kwanza. Piga alama ya chokaa ubavuni mwa tairi pale linapogusa chini, na nyingine sakafuni. Sukuma gari taratibu mpaka alama irudi chini, weka alama ya pili sakafuni, pima kwa futi baina ya alama hizo mbili. Fanya hivyo mbele na nyuma. Kipimo cha namna hii kina uzito wa gari ndani yake, kwa hiyo kitakuwa kifupi kidogo kuliko hesabu ya karatasi. Unachotafuta ni tofauti ya mbele na nyuma.

Mlio ukibaki baada ya matairi kuwa sawa, difu ifunguliwe.

Gari yangu imetoka Japani na matairi yanayoonekana mapya, lakini yamejaa michano myembamba na mpira wake ni laini. Fundi anasema ni mazuri sana kwa mvua za masika.
*Msomaji, Fumba*

Ni matairi ya theluji. Angalia ubavuni, utakuta neno STUDLESS, na mara nyingi herufi ya mwendo ni Q, kilomita 160. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya moto ya kwetu hulika upesi, gari hulegea kwenye kona, na kwenye maji breki yake huwa ndefu kuliko ya tairi la kawaida. Yatoe. Unapoyatoa, soma na tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ubavu ukiwa na nyufa ndogo ndogo, tairi limezeeka hata kama mifereji imejaa. Kwa matairi ya mtumba hizo tarakimu nne ndizo za kusoma kabla hujauliza bei.

Hiace yangu ya abiria inatumia 195/80R15 107/105 LT, yaani tairi la gari ya mizigo. Nimepata 205/70R15 96 za gari ndogo kwa bei nafuu. Upana umezidi, si zitakuwa imara zaidi?
*Mwenye gari, Mkokotoni*

Upana hauna habari na ubebaji, ndugu. 107 ni kilo 975 kwa tairi linalofungwa moja moja kama lako. 105, kilo 925, ni kwa yanayofungwa mawili mawili. 96 ni kilo 710. Umepunguza kilo 265 kwa kila gurudumu, kwenye gari iliyojaa watu na juu ina keria ya mizigo. Kimo nacho kimeshuka kutoka 693 hadi 668, zaidi ya asilimia 3. Ukikosa saizi yenyewe, utaonyeshwa 195R15C, nayo ya gari ya mizigo, yenye 8PR (daraja la uimara wa tabaka zake) na namba 106/104. Kimo chake kinakaribiana na chako, lakini ubebaji ni kilo 950, pungufu ya 25, kwa hiyo nayo haifikii sharti la uzito. Chini ya 107 usishuke.

Na upepo wake usijazwe kwa kukisia. Tairi la namna hii linabeba uzito ulioandikwa pale tu upepo unapokuwa wa kutosha, na linahitaji mwingi kuliko la gari ndogo. Kibandiko cha mlangoni kinasema kwa kPa. Gawa kwa 6.9 upate psi, kipimo cha geji ya gereji. Pakiandikwa 325, ni psi 47. Pima asubuhi kabla gari haijatoka, matairi yakiwa baridi.