Muhogo uliochipua vizuri ulinidanganya

Juzi msomaji mmoja wa Mkuranga kanitumia picha ya mihogo yake. Majani ya chini yana manjano kando ya vishipa, dalili ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia; ya juu ni kijani kitupu. Anauliza: "Kaka, si imepona? Nichukue mbegu?"

Mdogo wangu, usichukue. Swali hilo nililijibu vibaya mwaka 2019.

Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, na nilichokijua kilikuwa kweli. Mmea hauna damu, lakini kinga unayo. Kirusi cha michirizi ya kahawia hubeba vinasaba vyake kwenye RNA, uzi wa herufi za kikemikali, na kinapojinakili ndani ya seli hutokea RNA ya nyuzi mbili. Hapo muhogo unashtuka. Kimeng'enya kiitwacho daisa huikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24. Protini nyingine, agonauti, hushika kipande kimoja na kukitumia kama sampuli: RNA ya kirusi ikilingana nacho, inakatwa. Watafiti Hamilton na Baulcombe walivikuta vipande hivyo vidogo kwenye mimea, kule Uingereza, mwaka 1999. Usiku niliposoma habari hiyo sikulala.

Basi nilipoona chipukizi safi nikasema mmea umeshinda. Nilisahau kwamba kirusi nacho kina protini yake, P1, ya kuzima ulinzi huohuo. Tena ugonjwa huu hujionyesha zaidi kwenye majani yaliyokomaa. Kirusi kilikuwa ndani ya shina, na shina ndilo tunalopanda kama mbegu.

Nikagawa mbegu kwa fahari. Shangazi alichukua mizigo miwili. Siku ya kuvuna nilikuwepo. Muhogo wa kwanza ulitoka mnene, umenyooka, ganda safi. Akaukata: ndani madoa ya kahawia, makavu, magumu hata kisu kikakwama. Akakata wa pili, wa tatu. Hakusema neno.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua mbegu, ng'oa shina, kata mihogo yake yote, vipande vipande. Doa moja likionekana, shamba hilo si la mbegu. Hata aina ya muhogo iitwayo Kiroba, inayostahimili ugonjwa huu, huweza kubeba kirusi, kwa hiyo nayo ng'oa, kata, tazama. Anayekwambia jani linatosha, mwambie akukatie muhogo. Jamani, tusigawiane njaa kwa uvivu wa kushika kisu!

Shangazi hajanilaumu mpaka leo. Ila lile shamba kapanda ufuta, na nikienda kwake ananipikia wali.